Jina Juu ya Jiwe: Mzee wa Machakos Azuru Makumbusho na Makaburi ya Ufaransa

Mwezi wa Mei mwaka 2025 mzee mmoja wa Machakos, mwenye umri wa miaka 75, alipanda ndege akaenda Ufaransa kumzuru binti yake afanyaye kazi katika mji wa Lyon. Mzee huyo alikuwa karani wa Serikali kwa muda wa miaka 30, na tangu alipostaafu amekuwa mkulima wa kahawa na maharagwe. Wageni wengi wafikao Paris hutaka kwanza kupanda mnara wa Eiffel na kupigwa picha. Yeye aliutazama mnara huo kwa muda wa dakika kumi, akasema ni kazi safi ya chuma, kisha akamwomba binti yake ampeleke makaburini.

"Baba, umetoka Machakos kuja kutazama makaburi?" binti aliuliza.

"Naam, mwanangu. Nataka kuona watu hawa huwatunzaje wafu wao."

Haja yake haikuwa ya bure. Babu yake mzaa baba alichukuliwa mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akatiwa katika kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps, jina ambalo vinywa vya watu vililigeuza kuwa Kariakoo, nalo lingali likiitwa hata leo katika mitaa ya Nairobi na Dar es Salaam. Alikwenda kusini na mzigo kichwani, kuelekea nchi iliyotawaliwa na Wadachi, wala hakurudi. Mtu mmoja wa kijiji chake aliyerudi alieleza kwamba alimwacha mgonjwa ng'ambo ya Mto Rufiji. Hiyo ndiyo habari yote. Mkewe alikaa akingoja mpaka alipofariki mwaka 1962, na mpaka siku hiyo hakukubali kuitwa mjane. Kwa desturi ya Wakamba mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba, na hivyo mzee huyu amelibeba jina la marehemu maisha yake yote, bila kujua mwenyewe wa kwanza amelala wapi.

Binti hakukubali baba yake apite Paris bila kuliona jumba la Louvre, na alifanya vema. Jumba hilo lilianzwa kujengwa karibu na mwaka 1190, liwe ngome, katika zama za Mfalme Philippe Auguste. Baadaye likawa makao ya wafalme. Na tarehe 10 Agosti 1793, katikati ya Mapinduzi, milango yake ilifunguliwa ili raia waingie na kutazama vitu ambavyo zamani vilikuwa vya mfalme peke yake. Vitu vipatavyo 35,000 vimewekwa humo mbele ya macho ya watu, na katika mwaka 2024 wageni walioingia walikuwa milioni 8.7. Mtu akisema ataviona vyote kwa siku moja, ni sawa na yule asemaye atapalilia ekari mia kabla ya chakula cha mchana.

Picha ya Mona Lisa mzee aliiona kwa mbali, juu ya vichwa vya watu walioinua simu zao. Ni picha ndogo, urefu wake sentimeta 77. Lililomkaa moyoni si picha yenyewe bali habari ya kuibiwa kwake. Tarehe 21 Agosti 1911 fundi mmoja Mwitaliani, Vincenzo Peruggia, aliitoa ukutani akaenda nayo, ikapotea kwa miaka miwili na zaidi mpaka ilipoonekana Florence mwezi wa Desemba 1913. Katika siku zile za kupotea, watu walifika Louvre wakasimama kutazama mahali patupu ukutani. Mzee aliuliza mara mbili kama jambo hilo ni kweli. Alipohakikishiwa kwamba ni kweli alinyamaza kwa muda mrefu.

Kanisa la Notre-Dame nalo walilipitia, lile lililoungua tarehe 15 Aprili 2019 na kufunguliwa tena mwezi wa Desemba 2024. Mafundi walizichonga boriti za mialoni za paa jipya kwa shoka za mkono, kama walivyofanya waliolijenga zamani. Mzee alilisifu paa, ingawa kutoka chini halionekani.

Kutoka hapo walipanda mtaa mpaka Panthéon. Jengo hili lilijengwa liwe kanisa la Mtakatifu Geneviève, lakini lilipokuwa limekwisha tu Mapinduzi yalilichukua, na mwaka 1791 likafanywa mahali pa kuwazika watu wakuu wa taifa. Juu ya mlango yamechongwa maneno ya kueleza kwamba nchi inawashukuru watu wake wakuu. Lakini shukrani ya nchi yaweza kugeuka. Mirabeau, aliyekuwa wa kwanza kuzikwa humo, aliondolewa mwaka 1794 ilipojulikana kwamba alikuwa na mapatano ya siri na mfalme. Marat aliingizwa mwaka ule ule wa 1794, na kabla ya miezi mingi kupita naye akatolewa. Mtu awezaye kufukuzwa kazini akiwa amekwisha kufa, huyo kweli alikuwa mkubwa.

Chini ya jengo, katika vyumba vya mawe vyenye baridi, wamelala Voltaire na Rousseau, Victor Hugo na Émile Zola, na Marie Curie aliyeletwa mwaka 1995. Hapo pia yupo Félix Éboué. Mtu huyu alizaliwa Cayenne, katika Guyane ya Kifaransa, mwaka 1884, kizazi cha watu waliokuwa watumwa. Akapanda katika kazi ya Serikali mpaka akawa gavana wa Chad. Na mwezi wa Agosti 1940, Ufaransa ilipokuwa imeshindwa na Wadachi, yeye alilisimamisha jimbo lake upande wa Jenerali de Gaulle wakati magavana wengi walipokuwa wakisitasita. Alifariki Cairo mwaka 1944. Mwaka 1949 aliletwa Panthéon, mtu mweusi wa kwanza kuzikwa humo, siku moja na Victor Schoelcher, yule aliyefanya bidii hata utumwa ukapigwa marufuku katika makoloni ya Ufaransa mwaka 1848. Schoelcher alikuwa ameusia kwamba asitenganishwe na baba yake kaburini, basi ikabidi Serikali imwingize na baba, ambaye alikuwa mtengenezaji wa vyombo vya kauri. Karani yeyote atafurahi kusikia kwamba hata huko mambo hufanyika kwa namna hii.

Mbele kidogo walifika penye jina la Josephine Baker, mwimbaji na mchezaji mweusi aliyezaliwa Marekani, ambaye wakati wa Vita ya Pili alipeleka habari za siri kwa ajili ya Ufaransa. Aliingizwa Panthéon tarehe 30 Novemba 2021. Hata hivyo mwili wake haumo. Jamaa zake walitaka abaki Monaco alipozikwa, na jeneza lililopelekwa Paris lilitiwa udongo wa mahali pane: St. Louis alikozaliwa, Paris, ngome ya Milandes alikokuwa akikaa, na Monaco.

"Udongo tu?" mzee aliuliza.

"Udongo tu, baba."

"Nao wakaubeba kwa heshima kama mtu?"

"Askari ndio waliobeba, na Rais akahutubu."

Mzee alitoa daftari lake mfukoni akaandika neno moja. Binti hakuliona.

Siku ya pili walizunguka mtaa wa Marais, ambao jina lake maana yake ni kinamasi, kwa kuwa zamani mahali hapo palikuwa na maji yaliyotuama. Wakuu walijenga humo majumba ya fahari, na uwanja uitwao sasa Place des Vosges ulifunguliwa mwaka 1612, nyumba zake zote za matofali mekundu zikifanana kama askari gwarideni. Baadaye wakubwa walihama, wakaingia mafundi na maskini, na majumba yakachakaa hata watu wakasema heri yabomolewe. Sheria ya mwaka 1962, iliyoletwa na Waziri André Malraux, ndiyo iliyouokoa mtaa huo na mitaa mingine ya kale.

Katika mtaa huo huo kuna ukuta wa majina. Wayahudi wengi walikaa Marais. Tarehe 16 na 17 Julai 1942 polisi wa Kifaransa, si Wadachi, walipita nyumba kwa nyumba katika Paris na viunga vyake wakawakamata Wayahudi wapatao 13,000, na zaidi ya 4,000 kati yao walikuwa watoto. Rais wa Ufaransa hakukiri waziwazi kwamba nchi yake ilihusika mpaka mwaka 1995, aliponena Jacques Chirac. Ukuta huo uliofunguliwa mwaka 2005 una majina yapatayo 76,000 ya waliopelekwa kuuawa. Lakini orodha walizozitumia waandikaji zilikuwa na makosa, jina hili limepungukiwa herufi, jina lile limesahauliwa. Basi jamaa walileta hati zao, makarani wakachunguza, na ukuta ukachongwa upya, ukafunguliwa tena mwezi wa Januari 2020. Mzee aliyekaa miaka 30 akiandika majina ya watu katika madaftari ya Serikali, na labda akakosea mengine, aliusogelea ukuta huo akavua kofia.

Makaburi ya Père Lachaise ni kilima cha ekari zipatazo 108, chenye njia na miti kama mji. Yalifunguliwa mwaka 1804, na mwanzoni watu hawakuyataka kwa kuwa yalikuwa mbali na mji. Ndipo wakuu wa mji wakatumia akili ya wenye maduka: mwaka 1817 walileta huko mabaki ya Molière na La Fontaine, na ya wapendanao mashuhuri Abélard na Héloïse, na mara kila tajiri akatamani kulala karibu nao. Leo wamo Chopin, ambaye moyo wake ulipelekwa Warsaw, na Oscar Wilde, na Édith Piaf. Upande mmoja upo ukuta ambapo wapiganaji 147 wa Paris walipigwa risasi tarehe 28 Mei 1871, na mpaka sasa watu hupeleka maua huko.

Jambo lililomshangaza mzee kuliko yote ni kwamba kaburi hukodishwa. Jamaa hulipia miaka 10, au 30, au 50, au daima kama wana fedha. Muda ukiisha na asiyetokea wa kulipa, mifupa hutolewa na kuwekwa pamoja na mingine, na nafasi hupewa mwingine. Mzee alikasirika kidogo. Alisema kwao Machakos hata ndugu wagombanao juu ya mipaka ya shamba hawathubutu kuligusa kaburi. Binti alimjibu kwamba shamba la Machakos halina wafu wa mji wenye watu milioni mbili, na akamweleza habari za mapango yaliyo chini ya Paris, yaliyokuwa machimbo ya mawe, ambamo tangu mwisho wa karne ya 18 ilimwagwa mifupa ya watu milioni 6 na zaidi kutoka makaburi yaliyofurika. Imepangwa kuta kwa kuta, wala hapana awezaye kujua fuvu hili lilikuwa la mchungaji au la mwizi. Mzee alikataa kushuka huko.

Jioni hiyo walifika kwenye Arc de Triomphe, lango kubwa la ushindi ambalo Napoleon aliagiza lijengwe mwaka 1806, na likamalizika mwaka 1836, yeye akiwa amekwisha kufa miaka 15. Chini yake amelala askari asiyejulikana jina. Mwezi wa Novemba 1920 majeneza manane ya askari wasiojulikana yalipangwa ndani ya ngome ya Verdun, na askari kijana, Auguste Thin, akapewa shada la maua aliweke juu ya moja. Achague kwa kufuata nini? Kijana alikuwa wa kikosi cha 132. Alijumlisha moja, tatu na mbili, akaliweka shada juu ya jeneza la sita. Baba yake mwenyewe alikuwa amepotelea vitani. Mwaka 1923 moto uliwashwa juu ya kaburi hilo, na kila siku saa kumi na mbili na nusu jioni wazee waliopata kuwa askari huja kuuchochea. Mzee alisimama katikati ya watalii, akawatazama wazee wenzake wenye nishani wakifanya kazi hiyo pasipo haraka.

Kisha wakaenda Verdun yenyewe. Vita ilipiganwa huko tangu tarehe 21 Februari mpaka tarehe 18 Desemba 1916, na waliokufa pande zote mbili wakadiriwa kuwa 300,000. Mkulima akiitazama nchi hiyo ataona mara moja kwamba ardhi iliumizwa. Msitu umeota juu yake, lakini chini ya miti udongo ni mashimo matupu, shimo ndani ya shimo, kama ngozi ya mtu aliyeugua ndui. Baada ya vita Serikali iliamua kwamba sehemu hizo hazifai tena kwa kilimo, kwa ajili ya mabomu na sumu, ikapanda miti.

Vijiji tisa vilifutika. Kimoja huitwa Fleury. Kabla ya vita walikaa humo watu zaidi ya 400. Mwaka 1916 kilitekwa na kukombolewa mara nyingi hata lisibaki jiwe juu ya jiwe. Leo vibao vidogo msituni vinaonyesha mahali palipokuwa na shule, na mwoka mikate, na mhunzi. Ajabu ni kwamba kijiji hicho, kisicho na mkazi hata mmoja, kingali na meya wake, ateuliwaye kwa sheria. Mzee alicheka kwanza. Kisha akasema, "Si wajinga. Madaftari yao hayajafungwa."

Juu ya kilima cha Douaumont lipo jengo refu la mawe lenye mnara, lililozinduliwa mwaka 1932. Ndani yake imewekwa mifupa ya askari wapatao 130,000 wasiotambulika, Wafaransa na Wadachi pamoja. Nyuma, chini kabisa ya ukuta, yapo madirisha madogo ya kioo, na mwenye kuinama ataiona. Mbele ya jengo misalaba zaidi ya 15,000 inateremka mlima kwa safu. Upande mmoja makaburi karibu 600 hayakufuata safu hizo, kwa kuwa ni ya Waislamu, nayo yameelekezwa Makka. Ngome ya Douaumont iliyo karibu na hapo ilikombolewa tarehe 24 Oktoba 1916 na kikosi cha makoloni, na miongoni mwao walikuwamo Wasomali waliotoka pwani ya Djibouti. Basi watu wa pembe yetu ya Afrika walifika hata katika tope lile la baridi. Mzee alitembea katika safu za Waislamu akisoma kila jiwe, na alipofika kwenye jiwe lisilo na jina aliliwekea mkono.

Walipanda gari la moshi kwenda Lyon. Njiani binti alimsomea habari ambayo mzee hakuwa akiijua. Mwaka 1917, mwaka ule ule aliochukuliwa babu yake, Waingereza waliunda Tume ya Makaburi ya Vita, na kanuni yake ilikuwa kwamba kila aliyekufa atakumbukwa kwa jina, pasipo kutofautisha mkubwa na mdogo. Huko Thiepval, kaskazini ya Ufaransa, yamechongwa majina zaidi ya 72,000 ya askari ambao miili yao haikuonekana. Lakini mwezi wa Aprili 2021 Tume hiyo ilitoa taarifa na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Misri, waliokufa wakiitumikia Uingereza katika vita ile, hawakuandikwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi wa Afrika ya Mashariki ni sehemu kubwa ya hao.

Mzee alikumbuka sanamu za shaba zilizosimama Nairobi tangu mwaka 1928, katika barabara iitwayo sasa Kenyatta Avenue, moja yao ikiwa ya mpagazi. Chini yake kuna maandishi ya kuwaambia askari na wapagazi kwamba hata wakifa wana wao watalikumbuka jina lao. Kwa miaka mingi alipita hapo akienda kazini. Jina lenyewe halikuandikwa hata moja.

Mahali pa mwisho palikuwa Chasselay, si mbali na Lyon. Mwezi wa Juni 1940 askari wa Afrika Magharibi waliokuwa katika jeshi la Ufaransa walipigana hapo mpaka wakaishiwa. Wadachi waliwatenga mateka weusi na wenzao Wazungu, wakawapiga risasi. Ofisa mmoja wa Serikali aliyeshughulikia mambo ya askari wa zamani, Jean Marchiani, hakustahimili kuona miili imetawanyika mashambani. Alinunua kiwanja, akawakusanya, akajenga makaburi kwa mtindo wa Afrika Magharibi, yenye kuta nyekundu za udongo na minara yenye ncha. Udongo uliletwa kwa eropleni kutoka Dakar, ukachanganywa na wa Ufaransa. Makaburi hayo yalifunguliwa mwezi wa Novemba 1942, Wadachi wakiwa wangali nchini. Wamelala hapo watu karibu 200. Baadhi yao hawana majina hata sasa.

"Huyu bwana alikuwa nani hasa?" mzee aliuliza. "Jenerali?"

"Hapana, baba. Mtu wa ofisi."

Mzee alitoa tena daftari lake, na safari hii binti aliliona neno lililoandikwa siku ile ya Panthéon. Lilikuwa "udongo".

Alirudi Machakos mwezi wa Juni. Aliiandikia Tume barua, akataja jina la babu yake, ukoo, kijiji, mwaka aliochukuliwa, na neno la yule aliyemwacha Rufiji, akaipeleka mwenyewe posta. Kisha akaenda kwa mwashi kuagiza jiwe. Mwashi alipolisoma jina alishtuka, akasema, "Mzee, mbona unajichongea jiwe nawe ungali hai?" Ikabidi aelezwe, na alipoelewa akapunguza bei.

Mpwa wake ni dereva wa lori, hupeleka mizigo Tanzania mpaka Lindi. Mzee alimpigia simu. Kijana alijibu kwamba atapita huko mwezi wa Agosti, ila alitaka kujua ni upande gani wa mto, na kiasi gani. Mzee alimwambia ni upande wa kusini, akiisha kuvuka Daraja la Mkapa, mbali kidogo na barabara, na kiasi cha kujaza kopo la kahawa.